Mlima Kenya ulionekana kutoka Nairobi: ni magari yaliyopungua, au ni mvua?

Aprili 2020, siku chache baada ya Nairobi kufungwa kwa sababu ya korona, kuna picha moja iliyozunguka kwenye simu zetu mpaka ikachosha. Mbele ni majengo ya jiji. Nyuma yake, vilele vikiwa vimechongoka kana kwamba viko Kiambu tu hapo, ni Mlima Kenya. Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu ubishi uliwaka kabla ya saa tatu asubuhi. Binamu yangu mmoja akasema picha imechezewa kwenye kompyuta. Shangazi akaandika kwamba Mungu ameamua kutufunulia kile tulichokuwa tukikifunika kwa moshi wa magari. Mjomba, aliyeanza kazi Nairobi miaka ya sabini, akawajibu wote wawili kwa mstari mmoja: "Mlima huo huonekana, ni nyinyi hamuamki mapema."

Binamu alikosea. Mlima uko takriban kilomita 140 kutoka katikati ya jiji kwa mstari ulionyooka, una kimo cha mita 5,199, na asubuhi kukiwa kweupe huonekana kutoka sehemu zilizoinuka za Nairobi, kama ambavyo siku nyingine Kilimanjaro huonekana upande wa pili. Ubishi uliobaki ni wa shangazi na mjomba: upeo wa macho ulisafishwa na magari yaliyoegeshwa, au ni hali ya hewa tu? Ubishi huu haukuisha na korona. Huibuka kila Julai macho yanapowasha, na kila Krismasi wenyeji wa jiji wanapokwenda mashambani, waliobaki wakaanza kusifu hewa.

Lugha yetu yenyewe imetutegea mtego hapa. "Hali ya hewa" ni jua, mvua, upepo na baridi. "Hewa chafu" ni jambo jingine: ni kile kilichochanganyika na hewa tunayovuta. Mtangazaji akisema hali ya hewa leo ni nzuri, maana yake usibebe mwavuli. Hajasema lolote kuhusu mapafu yako. Hata hivyo mambo haya mawili yana udugu, na ni wa karibu kuliko wengi wanavyodhani.

Uchafu wa hewa ya mjini una sura nyingi, ila kwa leo mbili zinatosha. Ya kwanza ni vumbi laini, lile ambalo vipimo huliandika PM2.5. Ni chembe zisizozidi upana wa mikromita 2.5. Unywele wa binadamu una unene wa takriban mikromita 70, kwa hiyo ungelazimika kupanga karibu chembe thelathini bega kwa bega ndipo zilingane na unywele mmoja. Vumbi la barabarani linalokupigisha chafya ni kubwa zaidi, na pua hulinasa sehemu kubwa. Hili laini hupita puani na kooni, likashuka mpaka kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, na chembe ndogo kabisa huvuka zikaingia kwenye damu. Ndiyo maana linahusishwa na maradhi ya moyo na kiharusi, si kikohozi peke yake. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikaza kamba: kiwango kinachopendekezwa kwa wastani wa mwaka kilishushwa kutoka mikrogramu 10 kwa kila mita ya ujazo ya hewa hadi mikrogramu 5. Kwa kipimo hicho, asilimia 99 ya watu wa dunia wanaishi mahali ambapo hewa haijafika kiwango.

Sura ya pili ni gesi: nitrojeni dioksidi inayotoka kwenye injini, kaboni monoksidi, na ozoni, ambayo nitairudia mbele kwa sababu ina ukorofi wake.

Sasa chukua kijiko cha chumvi. Ukikitia kwenye sufuria ya mchuzi wa watu watatu, hakuna atakayekula. Kitie kijiko kilekile kwenye sufuria la harusi, na mpishi ataonja kisha aulize kama chumvi imetiwa. Kijiko ni moshi unaotoka kwenye magari, majiko, viwanda na taka zinazochomwa. Sufuria ni hewa iliyo juu ya mji. Tunapobishana kuhusu hewa chafu huwa tunatazama kijiko peke yake, na kijiko ni kazi yetu kweli. Lakini sufuria ya siku huchaguliwa na hali ya hewa, na tofauti kati ya sufuria ndogo na kubwa si ya mzaha.

Nje ya geti letu huku Eastlands kuna mama anayekaanga mandazi tangu saa kumi na moja alfajiri. Huwasha makaa kwa vipande vya mbao na katoni, kwa hiyo mwanzoni moshi huwa mzito. Julai iliyopita nilikuwa nikianua nguo juu ya paa na nikapata nafasi ya kuutazama vizuri. Ulipanda wima mpaka usawa wa ghorofa ya tatu, ukasita, kisha ukalala. Ukatanda pembeni kama shuka iliyokung'utwa, ukapita kwenye kamba za nguo za jirani, ukaelekea bondeni bila haraka. Hapakuwa na ukuta wala bati juu yake. Siku hiyohiyo kama saa nane mchana, mama yuleyule alikuwa akichemsha maharagwe kwenye jiko lilelile, na moshi ulikwenda juu moja kwa moja, ukachanguka, ukapotea kabla jicho halijaufuata.

Kilichoulaza asubuhi ni dari isiyoonekana. Kwa kawaida kadiri unavyopanda ndivyo baridi inavyoongezeka. Ukitoka Mombasa na fulana, ukifika Nairobi unatafuta sweta, na Limuru unatamani blanketi. Kwa wastani joto hupungua kiasi cha nyuzi sita na nusu kwa kila mita 1,000. Moshi wa moto ni wa joto kuliko hewa inayouzunguka, kwa hiyo ni mwepesi, na utaendelea kupanda maadamu unakutana na hewa iliyo baridi kuliko wenyewe. Usiku mambo hugeuka. Ardhi hupoteza joto lake kwenda angani, na hewa iliyoigusa hupoa ya kwanza. Huo ndio ubaridi unaoacha umande kwenye majani na kwenye vioo vya magari. Juu kidogo hewa bado ina joto la jana. Moshi ukipanda unakutana na hewa yenye joto kuuzidi, na hapo safari yake inaishia. Wataalamu wana jina lao la hali hiyo. Mimi naiita dari, kwa sababu ndivyo inavyofanya kazi.

Usiku mtulivu dari hiyo inaweza kuwa mita mia moja au mia mbili tu juu ya vichwa vyetu. Mchana wa jua kali ardhi hupata moto, hewa huchemka kama uji, dari husukumwa mpaka mita 1,500 au zaidi. Piga hesabu mwenyewe. Moshi uleule, magari yaleyale, nafasi iliyopungua zaidi ya mara saba.

Kisa kinachotajwa zaidi cha dari iliyogoma kuinuka ni cha London, tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952. Watu walikuwa wakichoma makaa ya mawe kama walivyofanya kila majira ya baridi. Kilichobadilika ni anga: baridi kali, upepo ukafa, dari ikashuka ikakaa siku tano. Makadirio ya kwanza yalisema watu 4,000 walikufa; ya baadaye yakafika 12,000. Tarehe 9 upepo ulirudi na moshi ukaondoka. Makaa yalikuwa bado yanawaka. Sheria ya hewa safi ilikuja mwaka 1956, na hiyo ndiyo iliyoanza kugusa kijiko.

Nairobi haina majira ya baridi ya namna ile, ila ina Juni, Julai na Agosti. Miezi hiyo mawingu mazito ya kijivu hukaa juu ya jiji tangu usiku, na siku nyingine jua halitoboi mpaka adhuhuri. Watu hulaumu ukungu. Tatizo si ukungu wenyewe. Ni kwamba ardhi haipati moto wa kuisukuma dari, na upepo nao ni hafifu. Mvua pia ni haba. Kwa hiyo jiji linaweza kukaa na sufuria ndogo nusu siku nzima. Ongeza moshi wa nyasi na misitu inayochomwa msimu wa kiangazi katika nchi zilizo kusini yetu, ambao husafiri mbali kwa upepo, na utaelewa kwa nini macho huwasha hata kwa mtu anayeishi mbali na barabara kubwa.

Pwani wana mpango mwingine, na kwa hili wametuzidi bahati. Mvuvi wa ngalawa anaijua sayansi hii bila kipimo: alfajiri hutoka na umande, ule upepo mwembamba unaotoka bara kwenda baharini, na alasiri hurudi na upepo wa bahari. Upepo huo wa mchana huleta Dar es Salaam na Mombasa hewa ambayo haijapita juu ya mji wowote, na juu yake kuna kusi na kaskazi zinazopokezana mwaka mzima. Lakini usiku, upepo wa bahari ukishakufa na umande bado haujashika, mji huketi ndani ya moshi wake wenyewe. Maleleji nayo, ile miezi kusi na kaskazi zinapobadilishana zamu, huwa na siku ambazo hata bendera haipepei. Tena upepo wa bahari hauingii kila mahali kwa usawa. Katikati ya Kariakoo, palipo na maghorofa yaliyobanana pande mbili za mtaa, hewa ya barabarani huzunguka chini kama maji kwenye mtaro ulioziba, hata siku ambayo mitende ya ufukweni inainama.

Kuhusu mvua, sote tunaamini inaosha hewa, na ni kweli kwa sehemu. Matone hukamata vumbi kubwa vizuri sana. Vumbi laini hulikamata kwa shida zaidi, na gesi kama nitrojeni dioksidi na kaboni monoksidi haziyeyuki kwa wingi ndani ya tone. Faida ambayo watu huisahau iko chini: barabara ikiwa imelowa, magari hayatimui vumbi. Kisha tope lililoletwa kwenye lami na magurudumu hukauka, hupondwa likawa unga, na siku ya tatu ya jua unapata vumbi kuliko kabla ya mvua.

Halafu kuna jambo linalonichekesha na kunikera kwa pamoja. Mvua ikianza kunyesha Nairobi jioni, nauli ya matatu hupanda, aliyekusudia kutembea huingia garini, mwenye gari husogea kwa mwendo wa kobe, na foleni ya dakika arobaini huwa ya saa mbili. Mbingu inasafisha na sisi chini tunaongeza kijiko.

Hapa ndipo safari zetu zinapoingia, na neno la kwanza si "magari mangapi" bali "saa ngapi". Sisi wa karibu na ikweta tuna bahati mbaya ambayo watu wa mbali hawana. Jua la Nairobi huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu na kutua karibu saa kumi na mbili na nusu, mwaka mzima, kwa tofauti ya takriban nusu saa. Maana yake ni kwamba mwaka mzima, saa ya kwenda kazini na kupeleka watoto shule ni saa ambayo dari bado iko chini. Jioni, tunapofunga maofisi na kumiminika barabarani, dari inashuka kutupokea. Mchana, anga inapokuwa na nafasi ya kumeza moshi wetu wote, tumekaa ofisini. Mtu akitaka kubuni ratiba mbaya kuliko hii atapata taabu. Jioni huwa mbaya zaidi pengine, kwa kuwa wakati huohuo majiko ya mkaa yanawashwa na mtu fulani nyuma ya nyumba ameamua kuchoma taka zake.

La pili ni namna gari linavyotembea. Injini hutoa uchafu mwingi kwa kila kilomita inapokwenda kwa kusimama na kuondoka kuliko inapotiririka. Simama kwenye steji dakika kumi uone: matatu inajaza, makanga anapiga mwili wa gari na kuita abiria, dereva amekanyaga mafuta ili ionekane iko karibu kuondoka, na haiondoki. Moshi wote huo unatoka chini ya kiuno cha mtu mzima, karibu na uso wa mtoto anayeshikwa mkono.

La tatu ni gari lenyewe. Mengi yametumika Japani kabla ya kufika kwetu. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, ila sheria hiyo haisemi litakaa barabarani miaka mingapi baada ya hapo. Mafuta yameboreshwa kuliko watu wanavyojua. Petroli yenye risasi iliondolewa Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa 2006, na tangu 2015 dizeli ya Afrika Mashariki inatakiwa isizidi sehemu 50 za salfa katika kila milioni. Lakini mafuta safi ndani ya injini iliyochoka, iliyong'olewa kile kifaa cha ekzosi cha kusafisha moshi kikauzwa kwa sababu ya madini yake, hayafiki mbali.

Je, wakosaji ni matatu? Ni rahisi kusema hivyo kwa kuwa moshi wao unaonekana. Basi la abiria 33 lililotunzwa, ukigawa moshi wake kwa vichwa vya waliomo, ni safi kuliko magari ishirini na zaidi ambayo abiria hao wangeyahitaji, na halitengenezi foleni ya urefu ule. Dizeli kuukuu inayotema masizi meusi ni kesi nyingine. Hiyo hata ikijaa haitetewi na hesabu ya vichwa. Kwa hiyo tatizo si matatu kama aina ya usafiri, ni injini fulani, na zinajulikana kwa macho.

Turudi kwenye picha. Mstari wa kuona kutoka Nairobi hadi kileleni una urefu wa kilomita 140. Ufuate kwenye ramani: unatoka jijini, unapita upande wa Gatundu, unavuka Murang'a, unakaribia Karatina, kisha unapanda mlima. Sehemu iliyo ndani ya moshi wa Nairobi ni kilomita kumi au ishirini za mwanzo. Zilizobaki zote ni juu ya mashamba ya chai, kahawa na mahindi. Ukiondoa kila gari la Nairobi, umesafisha kipande kidogo tu cha dirisha. Ili mlima uonekane, dirisha lote linatakiwa liwe safi: kusiwe na vumbi la mashamba, kusiwe na moshi wa mbali, unyevu usiwe umevimbisha chembe zilizo hewani, na wingu liwe limesogea. Aprili ni masika. Mvua ya usiku, kisha asubuhi mawingu yakifunguka kabla ya jua kuyajaza tena, ndiyo hali inayofaa. Kwa upande wa mlima, mjomba alikuwa na haki zaidi.

Lakini shangazi hakuwa mjinga. Kafyu ilianza tarehe 27 Machi, na kuanzia tarehe 6 Aprili hakuna aliyeruhusiwa kuingia wala kutoka eneo la Nairobi bila ruhusa. Mtu aliyekuwa akisimama Jogoo Road asubuhi alivuta hewa nyingine kabisa, kwa sababu kando ya barabara kijiko hukufikia kabla hakijachanganyika na sufuria. Setilaiti zilionyesha nitrojeni dioksidi ikishuka sana kwenye miji mingi iliyojifungia mwaka ule, kutoka Wuhan hadi Milano hadi Delhi. Shangazi alikosea ushahidi tu: alitumia mlima kuthibitisha jambo ambalo lilikuwa puani mwake.

Na hapa kuna ule ukorofi wa ozoni nilioutaja. Ozoni ya huku chini haitoki kwenye ekzosi. Hupikwa na jua kutokana na gesi za magari na mvuke wa mafuta na rangi. Ajabu ni kwamba moshi mbichi wa injini huila ozoni pia. Kwa hiyo mwaka 2020, katika miji kadhaa ya China na Ulaya, magari yalipopungua ozoni ilipanda. Haina maana kwamba magari yalikuwa yakitusaidia. Ina maana kwamba hewa ni jikoni, na ukipunguza kiungo kimoja ladha nyingine hujitokeza.

Ugumu huu ndio unaofanya amri za usafiri zibishaniwe bila kwisha. Delhi ilijaribu kuyagawa magari kwa namba shufwa na witiri, kila kundi na siku yake ya kuingia barabarani, tarehe 1 hadi 15 Januari 2016, katikati ya majira ambayo dari ya kule hukaa chini kuliko wakati wowote. Siku ambazo hewa ilikuwa mbaya, wapinzani walisema amri imeshindwa; upepo ulipokuja, watetezi wakadai ushindi. Wote walikuwa wakisoma upepo. Mexico City nayo tangu 1989 ilimkataza kila mwenye gari kuliendesha siku moja kwa juma kufuatana na namba yake ya mwisho. Watu wengi wakanunua gari la pili, mara nyingi kuukuu, lenye namba tofauti. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008 haukuona hewa iliyoboreka. Pale lawama haikuwa ya anga. Ni kijiko kilichoongezwa kwa mlango wa nyuma.

Mama mboga wa mtaani kwetu angewafundisha kupima. Hawezi kulinganisha mauzo ya Jumanne ya katikati ya mwezi na ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi kisha akasema sukuma wiki yake imeboreka. Atalinganisha mwisho wa mwezi na mwisho wa mwezi, siku ya mvua na siku ya mvua. Kwenye hewa ni hivyohivyo: chukua siku zenye upepo sawa, joto sawa, mvua sawa, kabla na baada ya amri, tena nyingi. Hewa ya Krismasi ya Nairobi haiwezi kupita mtihani huo kirahisi. Magari yamepungua, ni kweli, lakini pia mvua za vuli zimetoka kuosha, kaskazi imeanza kuvuma, na shule na viwanda vingi vimefungwa.

Kuna mengine nayasikia mitaani ambayo afadhali niyaguse. Maziwa hayasafishi mapafu; yanakwenda tumboni, kama chakula kingine chochote, na fundi anayekunywa pakiti moja baada ya kupiga msasa amepata kinywaji kizuri basi. Kufunga vioo vya gari kwenye foleni hakukulindi sana ikiwa feni inavuta hewa ya nje, kwa sababu tundu lake liko nyuma ya ekzosi ya aliye mbele yako. Bonyeza kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani, kisha ufungue kidogo mkishatoka kwenye msongamano. Gari la umeme halina moshi, ila lina tairi, breki na barabara yenye vumbi kama mengine. Na namba unayoiona kwenye simu, ile yenye rangi ya njano au nyekundu, kwa kawaida si mikrogramu. Ni alama. Kwa kipimo cha Kimarekani, alama 100 ni kama mikrogramu 35 za vumbi laini kwa wastani wa siku. Tena mara nyingi namba hiyo ni makisio ya kompyuta kwa mji mzima, si kipimo cha steji unayosimama. Ndiyo maana kazi kama ya mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere, uliotawanya vipimo vya bei nafuu Kampala na miji mingine ya Afrika tangu 2015, ina thamani: inaonyesha kwamba mtaa na mtaa havivuti hewa moja.

Imani iliyokita mizizi kuliko zote ni kwamba hewa inayoonekana safi ni safi. Januari iliyofuata ile picha niliuona mlima mwenyewe. Ilikuwa saa moja kasoro asubuhi, siku ya kazi, na matatu yetu ilikuwa imekwama Thika Road karibu na Roysambu. Hakukuwa na kafyu ya kuyazuia magari asubuhi ile; njia zote zilikuwa zimejaa. Mbele, juu ya paa za magari, vilele vimekaa wazi, vya rangi ya samawati, na barafu kidogo inang'aa. Abiria wakatoa simu. Dereva akageuka akatuambia, "Leo hewa ni safi kabisa," na mama aliyekaa dirishani akakifunga kioo, kwa sababu lori lililo mbele yetu lilikuwa limeanza kusogea.